Mbwa kortini? Ngojeni kwanza

Tangu ile vidio ya mbwa amelala miguuni pa mtoto anayetoa ushahidi ianze kuzunguka WhatsApp, maswali hayaishi. Wengine "tuleteeni na sisi", wengine "mwataka kutunajisi", na mmoja akauliza eti yule mbwa hunusa uongo. Jamani! Hanusi chochote, kazi yake ni kulala.

Kule Seattle, Marekani, walianza 2003 na Jeeter, aliyekuwa mbwa wa kumsaidia kijana mlemavu, mwana wa prosikuta (kiongozi wa mashtaka) mmoja. Mtoto anashika manyoya, pumzi inatulia, maneno yanatoka. New York kuna mshtakiwa alikata rufaa eti mbwa kamfanya mtoto aonewe huruma, 2013 akakataliwa.

Sasa kwetu Kenya. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 31, haitaji mbwa. Yataja kizimba cha kumkinga shahidi, kuongea kupitia mtu wa kati kama mzazi, mshauri ama afisa wa watoto, kesi kusikizwa faragha, jina kutotangazwa (ukilitangaza ni kosa la jela ama faini, na kuforward pia ni kutangaza, msijifanye hamjui), halafu hatua nyingine yoyote korti itakayoona yafaa. Mbwa angepitia hapo pa mwisho, lakini aamuaye ni hakimu sio mimi. Na mshtakiwa asiye na wakili hamuulizi shahidi anayekingwa hivyo moja kwa moja, swali anaiambia korti, korti ndiyo inauliza.

La najisi silidharau. Wengi wetu hapa Mombasa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa mchanga. Mtoto wa Mji wa Kale aliyezoea kumkimbia mbwa, ukimlazia mmoja miguuni umemtuliza ama umemtia kiwewe?

Kinachonichosha mimi ni hiki: tangu Machi 2022 hapa Shanzu, Mombasa, kuna korti maalum ya kesi hizi za kingono, lakini mama anakuja asubuhi ya kesi yenyewe, mtoto ashakaa benchi moja na shangazi wa mshtakiwa, anavuta vuta uzi wa buibui la mamake, ndipo ananiuliza hayo mambo ya kumkinga. Mwambie prosikuta mapema, siku unayopewa tarehe, umweleze mtoto anaogopa nini hasa, yeye aombe korti imtambue mtoto kuwa shahidi aliye hatarini, anayefaa kinga hizo. Korti yaweza hata bila kuombwa, lakini hakimu hajui mwanao alijikojolea jana usiku. Na sio watoto tu, mwenye ulemavu wa akili ama aliyetishwa pia anaangaliwa.

Mbwa wako wa nyumbani muache nyumbani. Askari wa geti atawarudisha nyote wawili, na kesi itaitwa mkiwa nje.