Uwatu na maziwa ya mama: ushahidi maana yake nini?

Kwetu pwani mzazi hutunzwa. Akishajifungua huletewa uji wa uwatu, zile mbegu ndogo chungu, na mchuzi wa pweza, na mpaka atoke arobaini kazi nzito hufanyiwa na wengine. Uwatu hulowekwa usiku kucha mpaka uvimbe na kutoa ute, ukachemshwa, uchungu wake ukapozwa kwa tui na sukari. Baada ya siku chache maziwa yanajaa, na nyumba nzima inausifu uwatu.

Huenda unastahili sifa hizo. Lakini maziwa kwa kawaida hujaa kati ya siku ya 2 na ya 5, mama awe amekunywa uwatu au hakunywa. Isitoshe, mama huyo amepumzika, amekula akashiba, na mtoto yuko kifuani usiku na mchana. Kunyonya ndiko kunakoamsha homoni ya prolaktini, inayotengeneza maziwa. Ili kujua uwatu umechangia nini, lazima wawepo kina mama wengine wenye hali ileile ambao hawakuunywa. Hao ndio huitwa kundi la kulinganisha. Wagawanywe kwa kura, kwa sababu wakiachiwa wajichagulie, wenye wasiwasi wa maziwa ndio watakaoukimbilia uwatu.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa namna hiyo kutoka Uturuki. Kina mama 66 waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walikunywa chai yenye uwatu, wa pili chai ya tufaha, wa tatu hawakupewa chai yoyote. Siku ya 3 wa chai ya uwatu walikamua wastani wa mililita 73, wa tufaha 39, na wa tatu 31. Tofauti hiyo ni kubwa, nami naichukulia kwa uzito. Ila chai yenyewe ilichanganywa na mimea mingine, shamari ikiwemo, na watu 66 ni wachache mno.

Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 41 ya dawa na vyakula vya kuongeza maziwa, yenye kina mama 3,005. Yaliona dalili kwamba mimea huenda inasaidia, lakini uhakika wa ushahidi yakauweka daraja la chini kabisa. Maana yake ni kwamba swali bado liko wazi. Bibi zetu hawajathibitishwa kuwa wamekosea, na muuza vidonge vya uwatu anayeahidi maziwa tele hana anachosimamia.

Madhara yanafahamika zaidi. Uwatu hushusha sukari ya damu, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa amwambie daktari kwanza, na vilevile anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mwenye mzio wa karanga au dengu ajihadhari, maana ni jamii moja ya mimea. Mjamzito asiutumie kama dawa, kwani unaweza kuchochea mji wa mimba. Wengine huharisha.

Na mtoto asiyerudia uzito wake wa kuzaliwa kufikia wiki ya 2 apelekwe kliniki, muuguzi atazame anavyolishika titi, hata kama sufuria ya uwatu iko jikoni.