Si kila mgomvi amekosa huruma

Mtu akipiga au kutukana wenzake, husemwa "hana huruma", kana kwamba kuhisi uchungu wa mwingine ndiko kunakozuia mkono. Ni imani ya siku nyingi, hata kwa wanasaikolojia. Mwaka 2014 David Vachon na wenzake wawili walijumlisha tafiti nyingi zilizopima mambo haya mawili, wakakuta huruma inaeleza takriban asilimia 1 tu ya tofauti za ukali baina ya watu. Asilimia 1!

Kwenye kusaidia, huruma ina nguvu zaidi, ila inategemea ni ya namna gani. Katika jaribio la Daniel Batson la 1981, washiriki walimtazama mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme (alikuwa akiigiza), kisha wakaulizwa kama wangekaa mahali pake. Walioguswa naye walielekea kukubali hata pale walipokuwa na ruhusa ya kuondoka. Waliolemewa na fadhaa yao wenyewe, wengi waliondoka.

Na huruma hiyohiyo huweza kukunja ngumi. Mtazame mzazi aliyeona mwanawe akisukumwa: kadiri kilio cha mtoto kinavyomchoma, ndivyo anavyozidi kumkabili aliyesukuma. Huruma imejaa tele pale, lakini yote iko kwa mmoja. Ndiyo maana naona tunamwonea mtoto mkorofi tunapomhubiria huruma tu, wakati pengine anachohitaji ni kufundishwa namna ya kutulia hasira inapompanda.