Mtihani Sanifu Kulingana na Darasa na Kiwango cha Usomaji

Mtihani sanifu ni ule ambao maswali yake, muda wake na taratibu za kuusahihisha ni zilezile kwa watahiniwa wote, ili matokeo yaweze kulinganishwa. Ulinganisho huo hupoteza maana endapo mtihani hauendani na darasa la wanafunzi au uwezo wao wa kusoma, mambo mawili ambayo huchanganywa mno ingawa kila moja hukaguliwa kivyake.

Kuendana na darasa ni kwamba kila swali limetoka katika mada ambazo mtaala umekwisha kuzifikia. Kiwango cha usomaji, kwa upande wake, kinahusu lugha ya swali. Chukua mfano huu: “Iwapo theluthi moja ya vitabu 24 vilivyonunuliwa na mwalimu itakuwa imegawiwa wanafunzi, ni idadi gani ya vitabu itakayosalia?” Mtoto anayeimudu hesabu hiyo anaweza kukwama katika sentensi. Likiandikwa “Mwalimu alinunua vitabu 24. Aligawa theluthi moja. Vilibaki vingapi?”, hesabu ni ileile, na anayekosa amekosa hesabu, si kusoma.

Zipo kanuni za kukadiria ugumu wa matini. Ile ya Flesch-Kincaid, iliyoundwa mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani, hutazama urefu wa sentensi na wastani wa silabi kwa kila neno. Haifai kuaminiwa kwa swali la mistari miwili, na kwa Kiswahili, ambacho kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, itayaita magumu hata maneno ambayo mtoto huyatamka kila siku.

Kwa hiyo maswali hujaribiwa kwanza kwa wanafunzi wa darasa husika. Katika swali la kuchagua jibu moja kati ya manne, kubahatisha tu hutoa takriban asilimia 25. Swali linalopatiwa na wachache kuliko hapo huenda lina kasoro ya kutafutwa. Takwimu hazisemi ni kasoro gani. Njia inayofichua zaidi, japo hurukwa kwa kuwa inakula muda, ni kumwomba mwanafunzi aeleze kwa maneno yake swali linataka nini kabla hajalijibu.

Mtihani wa ufahamu hufuata utaratibu tofauti: maelekezo na maswali hurahisishwa, lakini kifungu chenyewe hubaki katika kiwango cha darasa, kwa sababu kukisoma ndiko kunakopimwa.