Nguvu si mwendo: maneno ya Kiitaliano kwenye nota za kwaya

Kwaya nyingi ninazozifundisha zinasoma solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi, vizuri. Mpe mwanakwaya ukurasa wenye d, r, m, f, naye atakuimbia sauti yake hata kama mpiga kinanda hajafika. Lakini yale maneno madogo ya mlalo yanayokaa juu ya mstari, andante, mf, cresc., rit., anayaruka kama hayamhusu. Nota zinatoka sahihi zote, na wimbo unabaki umelala. Leo nataka tuyasome hayo maneno pamoja, kwa sababu ndiyo yanayokwambia uimbeje.

Kwanza usomaji, maana hapa Mswahili ana bahati. Irabu za Kiitaliano zinatamkwa karibu sawa na zetu, kwa hiyo Fine, yaani mwisho, isome fi-ne na utakuwa sahihi. Angalia tu c mbele ya e au i, inasomeka ch: dolce ni "dolche", accelerando ni "achelerando". Sc mbele ya e inakuwa sh: crescendo ni "kreshendo". Adagio ni "adajo".

Kwa wanaosoma solfa kuna mtego mmoja zaidi. Herufi f iliyo ndani ya mstari, kati ya nukta pacha, ni fa. Herufi f iliyo juu ya mstari, kwa kawaida ya mlalo na nzito, ni forte, yaani sauti kubwa. Solfa hii ya herufi ilianza na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ikaboreshwa na kuenezwa na mchungaji John Curwen katika miaka ya 1800, kisha wamisionari wakaisambaza hadi kwetu. Haikuja kufuta alama za Kiitaliano. Inakaa nazo ukurasa mmoja, na mwimbaji anatakiwa kusoma vyote viwili kwa pamoja.

Sasa niseme jambo ninalolirudia kila mazoezi: nguvu ni kitu kimoja, mwendo ni kitu kingine. Kwaya ikiambiwa iimbe kwa nguvu, inakimbia. Ikiambiwa ishushe, inaburuta. Na sisi walimu tunachangia, maana tukisema "imbeni taratibu", nusu ya kwaya inapunguza sauti na nusu nyingine inapunguza kasi. Kiitaliano cha nota hakina utata huo. Piano ni sauti ndogo, basi. Adagio ni mwendo wa pole, basi. Unaweza kukuta adagio yenye ff, yaani sauti kubwa sana, na unaweza kukuta presto, mwendo wa kasi sana, yenye pp, yaani sauti ndogo sana, na zote ni za kuimbika.

Tuanze na nguvu. Mwaka 1597 Giovanni Gabrieli, mpiga ogani wa Kanisa la Mtakatifu Marko huko Venice, alichapisha Sonata pian' e forte, moja ya kazi za mwanzo kabisa zilizochapishwa zikionyesha wapi sauti iwe ndogo na wapi iwe kubwa. Maneno yake mawili ndiyo yaliyozaa ngazi tunayoitumia, kutoka sauti ndogo sana hadi kubwa sana: pp, p, mp, mf, f, ff. Ile m ni mezzo, yaani nusu au wastani. Hakuna kati ya hizo yenye kipimo cha kudumu. Forte ya kwaya ya watu kumi na wawili kwenye kigango si forte ya kwaya ya watu themanini kanisa kuu, na p chini ya mabati mvua ikinyesha haiwezi kuwa p ile ile ya siku ya jua. Kinachotakiwa ni tofauti isikike. Msikilizaji wa benchi la nyuma akishindwa kujua wapi mlitoka mf mkaingia p, basi p hamkuimba.

Piano ndiyo inayochosha mwili kuliko forte, na waimbaji wengi hawaamini hadi wajaribu. Ukipunguza sauti, usipunguze pumzi. Mbavu zibaki wazi, kiwambo, ule msuli wa pumzi chini ya mapafu, kiendelee kufanya kazi, na konsonanti ziwe kali zaidi kuliko kawaida, la sivyo maneno yanapotea. Kwaya ikilegea kwenye p, sauti inashuka tuni. Utaona mpiga kinanda akirudi kwenye mashairi, kinanda na kwaya viko mbalimbali. Wengi hulaumu sauti ya kwanza. Mimi huangalia kwanza kama kuna mtu aliyesimama amelegea mabega na kifua.

Crescendo ni kukuza sauti kidogo kidogo, na diminuendo au decrescendo ni kuipunguza vivyo hivyo. Siri ya crescendo iko mwanzoni. Ukiona neno hilo, maana yake hapo ulipo bado uko chini. Anayepiga kelele kwenye silabi ya kwanza hana pa kwenda. Kama ina mapigo manane, yagawe: manne ya kwanza usikike umebadilika kidogo tu, mawili yanayofuata uongeze, mawili ya mwisho ufungue. Na mkono wa mwalimu ukitanuka, miguu ibaki pale pale, yaani mwendo usiguswe. Subito piano ni kinyume chake: unashuka ghafla, bila ngazi.

Mwendo nao una maneno yake. Largo na adagio ni pole, andante ni mwendo wa mtu anayetembea, moderato ni wastani, allegro ni wa haraka na uchangamfu, presto ni wa kasi sana. Johann Mälzel alipata hataza ya metronomu, chombo cha kupimia mwendo kwa mapigo, mwaka 1815, na tangu hapo watunzi wengi huandika namba kabisa, kwa mfano mapigo 72 kwa dakika. Metronomu siku hizi iko kwenye simu, bure. Naomba walimu waitumie nyumbani kabla ya mazoezi, si wakati wa ibada. Kanisa lenye mwangwi mrefu litakulazimu upunguze kidogo, na hilo ni sawa.

Rit. (ritardando) na rall. (rallentando) zote zinapunguza mwendo polepole, accel. (accelerando) inaongeza. Neno linalodharauliwa kuliko yote ni a tempo. Maana yake rudi kwenye mwendo wa mwanzo, sasa hivi, kwenye pigo hilo hilo. Kwaya zinajua kupunguza lakini zinasahau kurudi, na wimbo wa dakika tatu unakuwa wa tano.

Mfano mzuri wa haya yote ni Haleluya ya mtunzi Handel, kutoka Messiah, kazi yake kubwa ya kwaya iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, ambayo kwaya zetu huiimba Krismasi na Pasaka. Inaenda allegro, mwishoni haleluya zinafuatana kwa nguvu zote, kisha ghafla kuna kimya, halafu haleluya ya mwisho imeandikwa adagio. Pale kwenye kimya karibu kila kwaya ina mtu anayechomoza peke yake. Ni kwa sababu nguvu imembeba na mwendo. Dawa yake ni pumzi: wakati wa kimya, kwaya nzima ivute hewa kwa kasi ya adagio inayokuja, si kwa kasi ya allegro iliyopita. Ukivuta hewa pole, utaingia pole. Na nguvu usiipunguze hata kidogo.

Kuhusu namna ya kuimba: legato ni kuunganisha nota, staccato ni kuzikata fupi, marcato ni kuzitilia mkazo. Kiswahili kinaipenda legato kwa kuwa maneno yetu mengi huishia na irabu, ila chunga silabi kama za "Mungu". Kaa kwenye u ya kwanza hadi pigo liishe, ndipo uguse ng. Ukiifunga mapema sauti inaingia puani na mstari unakatika. Dolce ni kwa utamu, maestoso ni kwa adhama. Ile nusu duara yenye nukta ndani, fermata, ni ya mwalimu: shikilia hadi mkono ukate.

Mwisho ni alama za njia. D.C. ni rudi mwanzo kabisa, D.S. ni rudi penye alama ya S iliyokatwa mstari, al Fine ni hadi palipoandikwa Fine, na al Coda ni ruka uende kwenye kipande cha kumalizia. Nyimbo zetu nyingi za kiitikio na mashairi huandikwa D.C. al Fine: imba kiitikio, imba shairi, rudi, malizia penye Fine, wala si chini ya ukurasa. Kabla ya mazoezi ya kwanza chukua penseli, zungushia kila Fine, kila a tempo na kila p, kisha mpe jirani yako penseli hiyo naye azungushie zake.