Purini na saratani: yanayosemwa na yaliyoonekana maabara

"Acha maini na maharage, purini zinalisha saratani." Mwenye jongo ana sababu ya kupunguza maini, maana purini, yaani kemikali za asili zilizomo kwenye vinasaba na kwenye vyakula vingi, huishia kuwa asidi ya yuriki. Lakini seli ya saratani haisubiri sahani yako: purini za kujengea vinasaba hujitengenezea yenyewe, kwa amino asidi kama glisini na glutamini, pamoja na malighafi nyingine zilizomo mwilini. Zile za kwenye chakula, nyingi huvunjwavunjwa utumboni na kwenye ini.

"Dawa za purini huua seli za saratani na kuziacha zilizo nzima." Laiti ingekuwa hivyo! Chukua 6-merkaptopurini, iliyotengenezwa na Gertrude Elion na George Hitchings huko Marekani mwaka 1951. Ni purini ya bandia yenye salfa, na seli huipokea kama malighafi ya kawaida. Ikishaingia, kimeng'enya kiitwacho HGPRT huigeuza, na hapo ndipo inapoanza kuzuia utengenezaji wa purini na kuharibu vinasaba. Kwa maneno mengine, sumu hupikwa na seli yenyewe. Na jiko hilo seli nzima nazo wanalo. Uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, ambao seli zake hugawanyika usiku na mchana, huumia pamoja na saratani. Ndiyo maana mtoto mwenye lukemia (saratani ya damu) anayemeza dawa hii hupimwa damu kila mara. Ajabu zaidi, seli za saratani zilizopoteza HGPRT huendelea kuzaliana kwenye dawa hiyo hiyo, huku seli za kawaida zikifa.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba dawa za jamii hii hugusa seli zinazogawanyika peke yake. Kladribini, dawa nyingine ya jamii hiyo, inawakanusha: huua hata limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) zilizotulia bila kugawanyika.

"Kahawa huua saratani, imethibitishwa maabara." Hili ndilo linaloniudhi. Kafeini ni ya ukoo wa purini, na ni kweli kwamba huzizuia seli zilizopigwa mionzi zisisimame kukarabati vinasaba vyao. Ila majaribio hayo kwa kawaida hutumia milimola 1 (kipimo cha wingi wa kemikali) au zaidi kwa lita, yaani kama miligramu 194 za kafeini kwa lita. Kikombe kimoja huacha miligramu chache tu kwa kila lita ya damu. Damu ya mtu ikifika kiwango cha maabara, kafeini yenyewe inaweza kumuua.