Mfupa wa Muundi Ukitoboa Ngozi

Pitisha kidole mbele ya mguu, kuanzia chini ya goti hadi kifundoni. Baina ya kidole na mfupa hakuna nyama, ni ngozi tupu. Ndiyo maana bodaboda ikigongwa ubavuni pale Outer Ring au Thika Road jijini Nairobi, muundi hauvunjiki tu bali hutoboa ngozi na kukutana na vumbi, oili na maji ya mtaro. Madaktari huuita mvunjiko wazi. Mfupa uliovunjika ndani ya ngozi nzima mara nyingi huunga vyema; uliotoka nje huweza kuingia usaha unaodumu miaka, na wengine huishia kukatwa mguu.

Walio karibu na majeruhi wana kazi ndogo, ila ina uzito. Usiurudishe mfupa ndani kwa mkono, maana utaingia na uchafu wake. Usimwagie mafuta ya taa, kahawa wala spiriti. Piga picha moja ya jeraha kwa simu, kisha lifunike kwa leso safi na usilifunue tena. Kule kasalti daktari ataitazama picha, na kidonda hakitafunuliwa na kila anayepita. Damu ikitoka, kandamiza juu ya kitambaa. Kata katoni ngumu iuzunguke mguu kuanzia juu ya goti hadi chini ya unyayo, uifunge kwa vitambaa vitatu au vinne, huku vidole vya mguu vikiachwa nje ili rangi yake ionekane. Vikipauka au kuwa baridi, legeza.

Hospitalini, kitu cha kwanza cha kukimbilia ni sindano. Mtu mzima hupewa antibiotiki mshipani, mara nyingi sefazolini gramu 2, na iingie ndani ya saa moja tangu afike, pamoja na chanjo ya pepopunda. Dawa hiyo haisubiri eksirei wala faili. Mgonjwa akikaa kwenye benchi saa tatu akingoja karatasi, bakteria wanaendelea kuzaana bila kungoja mtu.

Upasuaji wenyewe kwa miaka mingi uliendeshwa kwa kanuni ya saa sita, yaani jeraha lisafishwe kabla saa sita hazijapita tangu ajali. Kanuni hiyo ina asili ya ajabu kidogo: mwaka 1898 daktari Mjerumani, Friedrich, aliwapaka simbilisi udongo na vumbi kwenye vidonda, akaona kwamba kukata sehemu iliyochafuka baada ya saa sita hakusaidii tena. Kwa binadamu waliokwisha kupewa antibiotiki, tafiti za baadaye hazikuona kwamba saa ya saba ni mwisho wa dunia. Jeraha lililojaa kinyesi au tope la mtaro, au mguu usio na damu, huingizwa thieta mara moja. Mengineyo husafishwa ndani ya saa 24, na ni heri yasafishwe asubuhi na mpasuaji mzoefu kuliko usiku wa manane na daktari wa intani aliyechoka.

Kusafisha si kumwagia maji tu. Nyama iliyokufa hukatwa, na mpasuaji huijua kwa dalili nne: imebadili rangi, imekuwa laini kama uji, haijikunyati ikibanwa kwa koleo, na haitoi damu ikichanjwa. Vipande vya mfupa visivyoshikwa na nyama yoyote navyo hutolewa. Hapo ndipo wanaojifunza hukosea, kwa kuona huruma. Wanabakisha msuli wa rangi ya kijivu wakitumaini utafufuka, na siku ya tatu bandeji inanuka.

Kuhusu maji, utafiti ulioitwa FLOW, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia wagonjwa 2,447 wenye mivunjiko wazi katika nchi tano. Shinikizo la maji, liwe kubwa au dogo, halikuleta tofauti. Sabuni ilileta, tena kwa ubaya: waliooshwa kwa maji ya sabuni, asilimia 14.8 walirudishwa thieta, dhidi ya asilimia 11.6 ya waliooshwa kwa maji ya chumvi pekee. Kwa hospitali ya kaunti hiyo ni habari njema. Mfuko wa dripu ulioning'inizwa juu unatosha, na mashine ya kurusha maji haihitajiki. Kwa mazoea, jeraha dogo hutumia lita 3, la kati lita 6 na kubwa lita 9.

Kisha mfupa huzuiwa usicheze. Kwa muda mrefu fremu ya vyuma vya nje ndiyo ilionekana salama kwa mvunjiko wazi, kwa hofu kwamba rodi, yaani chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa, ingefungia uchafu humo humo. Majirani zetu wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, waliipima hofu hiyo kwa wagonjwa 240, wengine wakiwekwa rodi na wengine fremu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliofariki au kurudiwa upasuaji haikutofautiana kwa kiasi cha kuthibitisha kitu. Walakini waliowekwa rodi miguu yao ilipinda kwa nadra zaidi, na wiki ya sita walikuwa na nafuu zaidi. Kwa hiyo mvunjiko ukiwa umesafishwa vizuri na ngozi inaweza kufungwa, rodi haina sababu ya kuogopwa.

Baada ya hapo kuna hatari moja ambayo kidonda kilicho wazi hakiizuii. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya mifuko isiyonyumbuka. Ikivimba, damu inashindwa kupita, na kwa saa chache misuli hufa. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi licha ya dawa, hasa vidole vya mguu vikivutwa taratibu. Mapigo ya mshipa huweza kuwa bado yapo, kwa hiyo anayengoja yapotee amechelewa. Plasta hupasuliwa yote pamoja na pamba yake, na kama maumivu hayatulii, mifuko hiyo hufunguliwa kwa kisu.

Kumfundisha mtu haya yote huchukua miaka. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha wapasuaji wa mifupa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na njia nyingine ni COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambako mafunzo ni ya miaka 5. Mkono huanza kwa mfupa wa plastiki. Skrubu ya milimita 4.5 hutanguliwa na biti ya drili ya milimita 3.2. Biti ikitoboka upande wa pili ukinzani hupotea ghafla, na mkono mgeni huzama. Nyuma ya muundi kuna ateri na neva. Biti butu nayo hupasha mfupa moto, na nyuzi 47 kwa dakika moja zinatosha kuua seli zake, hivyo skrubu iliyokaza leo italegea baada ya wiki kadhaa.

Thieta nyingi hazina mashine ya eksirei ya kutazamia ndani wakati wa upasuaji. Shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle huko Marekani mwaka 1999, lilitengeneza rodi inayoingia bila mashine hiyo: mkono wa chuma ulio nje huelekeza drili kwenye tundu la rodi, na mpasuaji huhakikisha kwa kupapasa. Kila upasuaji hutumwa pamoja na picha zake kwenye hifadhidata, na wenzake hukosoa. Tatizo ni mgonjwa asiye na nauli ya kurudi kliniki. Kwa waliovunjika paja kuna njia nafuu: apigwe picha akiwa amechuchumaa mpaka chini, uso ukionekana, akitabasamu. Anayeishia nusu ya njia, au anayekunja uso, huyo ndiye wa kumpigia simu.