Wauaji wa kwenye runinga: mwanaume ni akili, mwanamke ni sumu?

Tazama vipindi vya uhalifu wa kweli vya Marekani wiki nzima, utabaki na watu wawili kichwani: mwanaume anayeua kwa akili nyingi, na mwanamke anayeua kwa wivu, bima au wazimu. Mwanamke hata ametengewa vipindi vyake, Snapped na Deadly Women. Cha mwanaume kinaitwa tu kipindi cha wauaji. Hizi hapa kauli tano zinazosikika kwa watazamaji, na majibu yake.

"Wanawake wauaji wamejaa siku hizi"

Wamejaa kwenye ratiba. Utafiti wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji duniani, uliotolewa 2019, unaonyesha kuwa takriban watuhumiwa 9 kati ya 10 ni wanaume. Na mwanamke anapouawa, mara nyingi muuaji ni mtu wa nyumbani: kati ya wanawake wapatao 87,000 waliouawa kwa makusudi mwaka 2017, kama 50,000 waliuawa na waume, wapenzi au ndugu.

"Silaha ya mwanamke ni sumu"

Nannie Doss alikamatwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1954, akakiri kuwaua waume wanne kwa sumu. Kwa kuwa alichekacheka akihojiwa, magazeti yalimwita bibi wa vicheko. Runinga itaachaje hadithi yenye jiko, chakula na tabasamu? Lakini Marekani bunduki ndiyo inayoongoza, hata pale muuaji ni mwanamke. Na ukitaka muuaji wa kimyakimya, mtafute Harold Shipman, daktari wa Uingereza aliyewadunga wagonjwa wake dawa kali ya maumivu. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji 15. Tume iliyochunguza baadaye ilihesabu takriban 215. Hakuna aliyesema sumu ni silaha ya wanaume.

"Ted Bundy alikuwa na akili zisizo za kawaida"

Huyu ni Mmarekani aliyeua wanawake wengi miaka ya 1970, na hapa ndipo runinga imepotosha zaidi. Kesi yake ya Miami mwaka 1979 ilirushwa hewani, naye akajifanya wakili wa nafsi yake, suti na tai. Jaji Edward Cowart, akimhukumu kifo kwa kuua wasichana wawili wa chuo, alimwambia angekuwa wakili mzuri. Maneno hayo hayakosekani katika kipindi chochote.

Kisichorudiwarudiwa ni jinsi alivyokamatwa. Agosti 1975, Utah, askari wa barabarani alimsimamisha akiwa ndani ya Volkswagen yake, akakuta pingu, kifuniko cha uso na nondo. Februari 1978, Florida, askari mwingine akamnasa usiku, tena ndani ya Volkswagen, safari hii ya wizi. Sheria aliianza vyuo viwili, hakumaliza hata kimoja. Ni kweli alitoroka mahabusu mara mbili, lakini kilichombeba miaka yote ile ni polisi wa majimbo tofauti, kila mmoja na faili lake, bila kompyuta ya kuwaunganisha. Mwaka 2019 Netflix, iliyokuwa imetoa kipindi kumhusu, ikawaomba watazamaji waache kusifia sura yake. Kumbe nani aliyeileta sebuleni?

"Mwanamke huonewa huruma"

Mwulize Myra Hindley. Mwaka 1966 mahakama ya Uingereza ilimtia mpenzi wake, Ian Brady, hatiani kwa kuua watu watatu, Hindley wawili. Kwa miongo iliyofuata, picha ya polisi ya yule mwanamke mwenye nywele zilizopaushwa ndiyo iliyobeba chuki ya nchi nzima.

"Aileen Wuornos alikuwa mwanamke wa kwanza kuua mfululizo"

Hata Marekani yenyewe, Doss alimtangulia, na kabla yake nesi Jane Toppan wa Massachusetts, aliyekamatwa mwaka 1901. Wuornos aliua wanaume saba Florida, 1989 na 1990, kwa bastola, wanaume aliokutana nao akijiuza barabarani. Aliua kwa namna inayodhaniwa ni ya kiume, na runinga haikujua imweke fungu gani. Ikachagua neno "wa kwanza".

Januari 1992 alitiwa hatiani kwa kumuua mwanaume wa kwanza kati ya hao, ingawa alidai alibakwa akajitetea. Novemba mwaka huohuo filamu ya televisheni kumhusu ilikuwa tayari hewani. Mwezi huohuo kipindi cha Dateline cha televisheni ya NBC kikafichua kwamba mwanaume huyo aliyeuawa aliwahi kufungwa Maryland kwa jaribio la kubaka. Jopo lililomhukumu Wuornos halikuwa limesikia jambo hilo. Baadaye yeye mwenyewe aliikana hoja ya kujitetea, na mwaka 2002 akauawa kwa sindano.